Chaja Mbaya Kuliko Zote Dukani

Muuza betri alikuwa amezoea wateja wa kila namna: wenye haraka, wajuaji, wanaotaka kupunguziwa bei kabla hawajatajiwa. Lakini wa namna hii hakuwahi kumpata. Mzee mmoja mwenye miwani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alisubiri mkwewe asogee upande wa matairi, kisha akaegemea kaunta na kunong'ona.

"Dada, samahani. Kati ya hizi chaja zako, ipi inachaji vibaya?"

"Vibaya vipi, baba?"

"Vibaya kabisa. Ile ambayo watu wananunua, halafu wanairudisha wakilalamika."

Muuza betri, mwanamke mwenye ovaroli la bluu na hereni kubwa, alimkagua mzee kuanzia miwani mpaka viatu. "Hiyo sina," akasema. Mzee akashusha pumzi, mabega yakamwanguka.

Ili umwelewe mzee huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa kwa sababu ya kibanda chake cha kutengeneza saa mjini, lazima kwanza ulijue gari lake. Lilikuwa gari dogo la rangi ya majivu, kuukuu lakini safi, na kwa muda mrefu sasa lilikuwa na tabia moja: jioni linarudi nyumbani linanguruma, asubuhi haliwaki. Fundi Saa angegeuza ufunguo, gari lingesema tki, tki, tki, halafu kimya. Betri ya kwanza ilikufa hivyo. Akanunua mpya, nayo haikukaa sana ikaanza mchezo uleule. Mtu mwingine angelitukana gari. Fundi Saa alishuka huku akijikaza asitabasamu, akatengeneza kola, akavuka barabara na kugonga geti la Mama Miche.

Fundi Saa alikuwa mgane, Mama Miche alikuwa mjane, na mtaa mzima ulikuwa umeshaipiga hesabu hiyo na kupata jibu. Mama huyo aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, na sasa aliuza miche ya maua na matunda kwenye kona ya barabara kuu. Gari linapowashwa kwa kusukumwa, kazi si kusukuma. Kazi ni kujua lini uachie klachi, na mtaani hapo hakuna aliyeijua klachi kama yeye. Fundi Saa mwenyewe alidai ana goti lisilotaka klachi. Kwamba goti hilohilo lilikubali kusukuma gari kila asubuhi, kisha likaliendesha mpaka mjini, hakuna aliyemuuliza. Majirani wake walikuwa na huruma.

Basi Mama Miche angetoka na mto wake wa kukalia, mto mwekundu wenye vifungo vikubwa vya kahawia, maana kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea. Angepanga trei za miche kwenye buti, akaketi, akashika usukani kwa mikono miwili kama ana basi zima la watoto nyuma yake.

"Haya, sukumeni! Kinyozi, weka simu mfukoni! Mwalimu, taratibu, mgongo wako! Fundi, hilo ni tumbo, mimi nimeomba mabega!"

Kinyozi wa nyumba ya jirani alikaa kulia, mwalimu mstaafu kushoto, Fundi Saa katikati. Gari lilishika mteremko, Mama Miche akaachia klachi, likaruka, likakohoa, likawaka. Hapo alihamia kiti cha pembeni na mto wake, Fundi Saa akaingia akihema, na wawili hao wakaenda pamoja mpaka kwenye kona ya miche.

Safari hiyo fupi ndiyo iliyokuwa siku nzima ya Fundi Saa. Iliyobaki ilikuwa kutengeneza saa za watu. Alimpenda yule mama. Alimpenda mpaka chakula kikawa kazi, na kila asubuhi alijiapiza kwamba leo atamwambia waoane. Tukifika kwenye duka la viatu nitasema. Duka la viatu likapita. Tukifika kwenye bomba la maji nitasema. Bomba likapita. Kwenye kona alimshushia trei zake, akameza mate, akasema, "Miche imependeza leo."

"Asante, Fundi," angejibu Mama Miche, akimtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha akageukia maua yake. Mzee alikuwa domo zege, hakuna jina jingine.

Mambo yalikwenda kombo siku kinyozi alipowarekodi. Video ikasambaa, ikamfikia binti wa Fundi Saa, nesi aliyeishi na mumewe upande wa pili wa mji. Alipiga simu akiwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Baba, umri wako huo unasukuma gari barabarani! Ukianguka je? Kesho mume wangu anakuja, mnakwenda kununua chaja. Na sitaki kusikia habari za goti."

Mume huyo alikuwa muuza magodoro, mtu mwema mwenye sauti kubwa, na kwake yeye kitu kizuri ni kikubwa. Ndiye aliyerudi sasa kutoka kwenye matairi akiburuta dude lenye magurudumu, karibu limfike kifuani.

"Baba, hii hapa! Hii ndiyo chaja! Itachaji mpaka magari ya majirani!"

"Hiyo ni ya malori," muuza betri akasema. "Ukiifunga kwenye betri ya kigari, itaichemsha mpaka ivimbe. Betri yenu ni ya ukubwa gani?"

Ilibidi watoke nje, wafungue boneti, wasome ubavuni: volti kumi na mbili, ampea arobaini.

"Basi gawanya arobaini kwa kumi," akasema muuza betri waliporudi. "Chaja ya ampea nne inakutosha, baba. Inakwenda polepole lakini haiumizi betri." Akaweka mbili juu ya kaunta. "Hii ni ya kizamani. Haijui kushiba hii. Inasukuma umeme tu, ukiisahau inakausha maji ya betri na kuiua kabisa."

Macho ya Fundi Saa yakang'aa. "Naichukua hiyo."

"Baba!" mkwe akamaka.

"Na hii nyingine inajipima yenyewe," muuza betri akaendelea, jicho moja kwa mzee. "Inaangalia betri imepungukiwa kiasi gani, inaijaza, ikikaribia kujaa inapunguza mwendo, ikijaa inaacha na kubaki inailinda tu. Unaweza kuiacha imefungwa hata mwezi mzima. Asubuhi yoyote unawasha, unaondoka."

"Asubuhi yoyote?" Fundi Saa akauliza, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu.

"Yoyote, baba."

Mkwe alikuwa ameshatoa pochi.

Jioni hiyo mkwe alimwonyesha kila hatua uani, akirudia maneno ya muuza betri kama ameyatunga yeye. Boneti wazi, na mahali penye hewa, maana betri ikichajiwa inatoa gesi na gesi hiyo haitaniwi na moto. Kibano chekundu kwenye plasi ya betri. Cheusi kwenye chuma cha bodi, mbali na betri. Ndipo uwashe ukutani. Na wakati wa kutoa, anza kuzima ukutani. Alipoona mzee ameitikia yote, akavichomoa vibano ili mzee avifunge mwenyewe, akaaga, akaondoka.

Fundi Saa alipobaki peke yake alitazama kulia, akatazama kushoto, akavifunga vibano kinyumenyume. Akawasha ukutani, akarudi nyuma, akafumba macho. Chaja iliwasha kitaa chekundu, ikalia pii, ikagoma. Haikuungua. Haikutoa hata moshi wa kumpa mtu matumaini. Simu yake ikaita, ni mkwe.

"Baba, kitaa ni rangi gani?"

Fundi Saa alikuwa na kasoro zake, lakini uongo wa papo kwa papo ulimshinda tangu utotoni. "Chekundu," akasema.

"Basi umekosea vibano. Zima, badilisha, mimi nasubiri."

Akazima, akabadilisha. Kitaa kikawa kijani, na mzee akaenda kulala bila kuwasha hata redio.

Asubuhi kinyozi alikuwa ameshakunja mikono ya shati, mwalimu ameshavua koti, na Mama Miche amesimama getini kwake, mto kwapani. Fundi Saa aligeuza ufunguo kwa vidole viwili, taratibu, kwa kubembeleza. Gari liliwaka papo hapo. Lilinguruma bila aibu yoyote.

"Limewaka," mwalimu akasema, akavaa koti lake tena.

"Hongera, Fundi," akasema Mama Miche, kwa sauti ya kutoa pole. Akarudi ndani, akatoka na toroli.

Hapo mtu atasema, si angempa lifti tu? Unasema hivyo kwa sababu wewe si domo zege. Kumpeleka kwenye kona mtu aliyekusaidia kuwasha gari ni shukrani, na hakuna wa kukuuliza. Kumfuata mjane getini kwake na gari zima linalonguruma, kinyozi anatazama, simu iko mkononi, huko ni kutangaza. Fundi Saa hakuwa na ubavu wa kutangaza. Alimkuta barabarani akisukuma toroli la miche, akataka kusema kitu, badala yake akapiga honi. Mama Miche akasogea pembeni kumpisha. Siku nzima mzee alijichukia, na saa ya mteja mmoja aliifunga mishale kwa kupishanisha, mfupi mahali pa mrefu.

Wiki hiyo alijaribu kila njia. Aliacha taa za mbele zinawaka, kinyozi akaja kugonga mlango, "Fundi, umesahau taa!" Aliacha redio inaimba, mwalimu akapenyeza mkono dirishani akaizima, na asubuhi akaja kushukuriwa. Jirani mwema hana dawa. Mwishowe Fundi Saa aliizungushia chaja blanketi, akaisukuma uvunguni mwa kitanda, akazima na simu ili mkwe asimuulize rangi ya kitaa. Haikuchukua siku nyingi. Asubuhi moja gari likasema tki, tki, tki, halafu kimya.

Mzee alivuka barabara mbio, goti likamtii. Mama Miche alifungua geti kabla hajagonga, mto mkononi.

"Limekataa?"

"Limekataa kabisa!"

Kwa watu walioharibikiwa na gari, wote wawili walikuwa na furaha ya ajabu. Leo nasema, Fundi Saa akajiapiza. Leo hata duka la viatu silingojei. Mama Miche alikuwa hajaketi vizuri kwenye mto wake pikapu ya magodoro ilipokata kona kwa kasi na kusimama mbele yao. Mkwe akaruka chini. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa, mkewe hajalala kwa wasiwasi, na sasa anafika anakuta kila mtu yuko barabarani kama zamani.

"Chaja mpya, na gari haliwaki?" Alikasirika kwa niaba ya chaja. "Tunairudisha leo leo! Na gari tunalipeleka likakaguliwe lote."

"Lote?" akauliza Mama Miche.

"Lote, mama. Mbele na nyuma."

Mama Miche alishuka. Akaenda kuketi kwenye kizingiti cha geti lake, mto magotini, uso wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mkwe akashika usukani mwenyewe na kuikosea klachi mpaka mwalimu akakaa chini kupumzika. Lilipowaka hatimaye, Fundi Saa aliingia kwenye kiti cha pembeni, chaja mapajani, akigeuka nyuma kumtazama mama wa watu akibaki pale pale.

Dukani, muuza betri aliipima chaja. Nzima. Akaijaza betri kiasi, akaipima nayo. Nzima.

"Mara ya mwisho uliichaji lini, baba?"

Fundi Saa akatazama viatu vyake. "Ilikuwa uvunguni."

Mkwe akafungua mdomo. Muuza betri akamwinulia kidole. "Tulia, kaka. Hata bila chaja, betri nzima haifi kwa siku chache. Kuna kitu kinaila."

Akazima kila kitu garini, akafunga kipimo chake. Umeme ulikuwa ukitoka kidogo kidogo. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka mshale ukashuka sifuri alipochomoa ile ya taa za ndani na za buti. Taa ya ndani ilikuwa imezima. Basi akawasha kamera ya simu yake, akairudisha fyuzi, akaiweka simu ndani ya buti, akalifunga, akangoja kidogo, akalifungua. Wote watatu wakainamia video. Buti limefungwa kabisa, na ndani kunang'aa kama ukumbi wa harusi.

"Taa haizimi," muuza betri akasema. "Usiku kucha inakula, na safari zako fupi haziirudishii betri kilicholiwa. Hii ndiyo iliyoiua hata ile ya kwanza."

Akapapasa ukingo wa buti, penye swichi ndogo inayobonyezwa na mlango ukifungwa ili taa izime. Shingoni mwa swichi kulikuwa na kitu kinachoizuia isibonyee. Akakichomoa, akakiweka kwenye kiganja cha Fundi Saa. Kilikuwa kifungo.

"Kimemdondoka mtu," mkwe akasema.

Fundi Saa alitoa mfukoni lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni. Kifungo kikubwa cha kahawia, matundu manne. Upande mmoja kilikuwa kimekatwa mfereji mpaka katikati, mfereji ukapigwa msasa, ukaingia shingoni mwa swichi sawasawa. Hakikumdondoka mtu. Ilikuwa kazi safi, yeye mwenyewe asingeifanya vizuri zaidi. Na alikijua. Ndugu zake walikuwa kwenye mto mwekundu, na katikati ya mto huo kulikuwa na uzi mtupu aliokuwa akiutazama kila asubuhi, akitaka kujitolea kuushonea kifungo, akikosa pa kuanzia. Masikio yakamwaka moto.

"Nani huwa anafungua buti lako, baba?" muuza betri akauliza.

"Jirani. Anauza miche."

"Ana mume?" Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Ni mjane."

Muuza betri akacheka mpaka akashika gari asianguke, hereni zinacheza. "Sasa nimeielewa ile chaja mbaya!"

"Umeelewa nini?" mkwe akauliza, akimtazama huyu na yule.

"Hakuna kitu, kaka. Nisaidie kurudisha betri kwenye chaja, ijae."

Alasiri, baada ya mkwe kurudi kwenye magodoro yake, Fundi Saa aliendesha peke yake mpaka kwenye kona. Hakupiga honi. Mama Miche alikuwa akimwagilia miche, na mteja mmoja alikuwa amechuchumaa akichagua waridi. Mzee alimwendea moja kwa moja kabla miguu haijabadili mawazo, akafungua kiganja.

"Kifungo chako."

Mama Miche alikitazama. Hakushtuka, wala hakuona haya. Aliweka chini kopo la maji, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Umekipata wapi?"

"Unajua nilikokipata."

"Najua." Akashika kiuno. "Mipapai niliyootesha wakati nakiweka hicho kifungo, siku ile ya mvua uliponibebea trei, imeshazaa, Fundi. Watu wanakula mapapai! Kila asubuhi nakaa pale pembeni, nakusikiliza unavyohema, nasema leo anasema, leo anasema. Wewe unaniambia miche imependeza! Nimeua betri nzima, na ya pili nimeiacha mahututi, nakungoja wewe ufungue mdomo!"

Mteja wa waridi akairudisha trei chini polepole, asikose hata neno.

Fundi Saa aligeuka kutafuta msaada. Nyuma yake kulikuwa na gari lake tu, betri imejaa, linanguruma vizuri. Hakukuwa na kinyozi wala mwalimu. Jasho likamtoka mgongoni chini ya lile shati la pasi.

"Mama Miche," akasema, "hii miche..."

"Fundi!"

"...niiache kwanza. Nakupenda. Nataka tuoane. Nimechoka kukushusha hapa kwenye kona. Nataka jioni turudi wote nyumba moja."

Alishangaa kwamba ametamka yote hayo na bado amesimama. Mama Miche alikichukua kifungo, akapitisha kucha kwenye ule mfereji alioukata mwenyewe, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Mimi nilikubali tangu betri ya kwanza," akasema.

Kisha akauokota mto wake mwekundu kwenye kiti, akauchukua mpaka garini na kuuweka upande wa dereva.